Hasira ya Wakubwa na Kikapu cha Mama



Mwalimu anayewafundisha watoto wa watu kila siku hana budi kukubali kwamba naye bado anafundishwa, na mara nyingine mwalimu wake ni mtu ambaye hakufika hata darasa la nne. Somo ninalotaka kuwasimulia leo nilipewa na Mama Mdogo wangu, anayeuza sabuni, chumvi na sukari katika soko moja la mji wetu wa Kisangani. Sikuliomba somo hilo, wala siku ile sikulipokea kwa moyo mweupe. Lakini kwa kuwa kosa langu nililifanya hadharani, nimeona ni haki toba yake nayo iwe hadharani.

Ilikuwa Dominika, tarehe 11 Agosti mwaka 2024. Misa ya pili ilikuwa imekwisha, nasi wanaume wapata kumi tulikuwa tumesimama chini ya mwembe katika kiwanja cha parokia, tukizungumza mambo ya dunia kama ilivyo desturi yetu. Mmoja wetu alikuwa amesikiliza redio. Akatuambia kwamba Serikali ya Zambia imefunga mipaka yake na nchi yetu katika vituo vitatu: Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Na sababu yake? Serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku kwa muda bia na vinywaji baridi kutoka Zambia, ili kuvilinda viwanda vya kwetu; Zambia nayo ikajibu kwa kufunga malango. Basi malori yenye shaba ya Katanga yalikuwa yamekwama upande mmoja, na malori yenye vyakula na bidhaa yamekwama upande wa pili.

Mnajua jinsi wanaume wanavyoweza kushindana juu ya jambo lililo mbali nao. Kutoka Kisangani hadi Kasumbalesa ni safari ambayo wengi wetu hatutaifanya maishani. Hata hivyo kila mmoja alikuwa na neno. Mmoja alisema kwamba Zambia inakula kwetu kisha inatudharau. Mwingine alijibu kwamba watu wa Lubumbashi wanasonga bukari kwa unga wa Zambia, wala si busara kumtukana anayekujazia sufuria. Mimi, kwa kuwa nilisoma seminari, na watu hudhani kwamba yote niliyoyasoma niliyaelewa, nikaombwa niamue.

Sikuamua, nilihutubu. Nilisema tuwaache Wazambia, tutazame mashariki, ambako bidhaa zetu sisi watu wa Kisangani zinatoka. Nikasema Serikali yetu iongeze maradufu ushuru wa kila kitu kinachotoka Uganda na Rwanda, na wakinung'unika, tuwafungie mlango kabisa. “Waonje nao!” nikasema. Kisha nikataja mwezi wa Juni mwaka 2000. Nilipoutaja mwezi huo, wote wakanyamaza, halafu wakapiga makofi. Naungama mbele yenu kwamba makofi yale yaliniingia kichwani kama divai.

Kwa vijana waliozaliwa baadaye, na kwa wasomaji wa mbali, sharti nieleze. Tangu tarehe 5 hata tarehe 10 Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yaliyokuwa yameingia nchini mwetu kama marafiki wao kwa wao, yalipigana katikati ya mji huu. Walikuwa wamegombania ukubwa na mali, hasa almasi. Maelfu ya mabomu yalianguka juu ya nyumba zetu, na raia waliouawa walihesabiwa kwa mamia. Ndiyo ile tunayoiita Vita ya Siku Sita. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague ilitamka tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria ya mataifa katika nchi yetu, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe fidia ya dola milioni 325. Wakati wa vita ile mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Tulilala chini ya kitanda, ndugu zangu nami, tukisali Rozari bila kujua tumefika fumbo la ngapi. Siku ya tatu Baba Mdogo, mume wa huyu Mama Mdogo wangu, alitoka kutafuta maji, kwa sababu watoto walikuwa wakilia kwa kiu. Alirudishwa nyumbani juu ya mlango uliong'olewa. Bomu lililomwua halikuandikwa jina la aliyelirusha, na mpaka leo hatujui lilitoka upande upi.

Basi mtaona kwamba hasira yangu haikuzuka bure. Wala sikusema uongo chini ya mwembe ule. Lakini mtu aweza kusema kweli na bado akakosa.

Jioni ya Dominika ileile nilikwenda kumsalimu Mama Mdogo, kama nifanyavyo kila juma. Kumbe mchana alikuwa ameketi na akina mama wa Legio Maria, hatua chache nyuma ya mwembe, na hotuba yangu ameisikia yote. Hakuniambia neno. Alinipa kiti, akatwaa mche mmoja wa sabuni, akaukata kwa uzi vipande kumi, kama afanyavyo kila jioni kwa ajili ya soko la kesho. Kisha akavipanga mezani mbele yangu.

“Mwalimu,” akasema, na aliponiita Mwalimu nilijua kuna jambo, maana siku zote huniita mwanangu, “sabuni hii imetoka Uganda. Wewe umesoma hesabu, mimi sikusoma. Lakini hebu tuhesabu pamoja.”

Akasogeza vipande vinne: “Hivi ni vya mwenye kiwanda.” Akasogeza viwili: “Hivi ni vya lori.” Na hapo nilifikiri ile njia ambayo wasomaji wa Tshopo wanaijua: kuvuka mpaka Kasindi, kupita Beni na Komanda, kuingia msitu wa Ituri, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, ndipo Kisangani, kilomita zaidi ya 700, na wakati wa mvua lori laweza kulala tope siku nyingi. Akasogeza kimoja: “Hiki ni cha duane.” Akasogeza kingine, akakunja uso: “Hiki ni cha wale wanaofunga kamba njiani wala hawatoi risiti.” Akasogeza cha tisa: “Hiki ni cha tajiri anayeniuzia kwa jumla.” Kikabaki kimoja. “Na hiki ni changu. Nusu yake ni kodi ya meza sokoni; nusu yake ndiyo ninayokula, na ndiyo iliyowasomesha watoto wa marehemu.”

Akanyamaza kidogo, kisha akaendelea: “Sasa, Mwalimu, kile cha duane kifanye viwili, kama ulivyowaambia wanaume wenzako. Hicho cha pili unakitoa wapi?”

Nikavitazama vile vipande. Kwa mwenye kiwanda hakitoki. Amekwisha kulipwa fedha yake. Kwa lori hakitoki. Mafuta hayasikilizi hotuba. Kwa wale wa kamba hakitoki; wao wakisikia ushuru umepanda, nao hupandisha. Tajiri wa jumla ataongeza bei asubuhi ileile. Nikagusa kile kipande chake, nikarudisha mkono.

“Umeona,” akasema. “Basi kwa kuwa changu siwezi kukitoa chote, nitaukata mche huu vipande kumi na viwili badala ya kumi, na bei ileile. Atakayepewa kipande chembamba ni mtoto wa Mangobo au wa Kabondo aliyetumwa na mama yake na noti moja mkononi. Uganda hataoga mtu kwa hasira yako.”

Nilijaribu kujitetea. Nikamkumbusha Baba Mdogo. Nilidhani jina hilo litamlainisha. Kumbe nilikuwa nimegusa jeraha. Akaniambia polepole: “Usimtaje marehemu kwa ajili ya ushuru. Waliomwua hawauzi sabuni.” Halafu akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Miaka kadhaa baada ya vita, alipokuwa bado na nguvu za kusafiri mwenyewe hadi mpakani, alishikwa na malaria kali ng'ambo ya pili, Mpondwe, katika nchi ya Uganda. Mwanamke mmoja muuza chumvi, asiyemjua kabisa, alimlaza nyumbani kwake siku tano, akamnunulia dawa, akamlindia mzigo wake, na hakuna kitu kilichopotea. Naye alikuwa mjane. “Ukimfungia mlango huyo,” akasema Mama Mdogo, “usiseme umemlipiza mtu.”

Nilirudi nyumbani kichwa chini. Usingizi ulinipaa, nikafungua Maandiko Matakatifu, nikaangukia sura ya kumi na mbili ya Matendo ya Mitume. Ndugu wasomaji, mara nyingi nimewasomea wanafunzi wangu sura hiyo kwa sababu ya Mtume Petro kutolewa gerezani na malaika, lakini mwisho wake nilikuwa nikiupita mbio. Mwandishi anasimulia kwamba mfalme Herode aliwakasirikia sana watu wa Tiro na Sidoni. Miji hiyo ilipata chakula chake kutoka nchi ya mfalme. Basi watu wake wakaja kwa unyenyekevu, wakajipatia urafiki wa Blasto, msimamizi wa chumba cha mfalme, wakaomba amani. Maana waliogopa njaa. Siku ikawekwa. Herode akavaa mavazi ya kifalme, akaketi katika kiti chake, akawahutubia. Na makutano wakapiga kelele kwamba hiyo ni sauti ya mungu, si ya mwanadamu. Mwisho wake mnaujua: malaika wa Bwana alimpiga, akaliwa na wadudu, akafa.

Nilikuwa sijaona kamwe kwamba chanzo cha makofi yale kilikuwa chakula. Mtu anayeshika mkate wa jirani yake mkononi, akatishia kuunyima, watu humsifu kama mungu. Wengine humsifu kwa woga, kwa kuwa wana njaa. Wengine humsifu kwa kiburi, kwa kuwa ni mtu wao. Nami chini ya mwembe nilikuwa Herode mdogo, bila vazi wala kiti, na rafiki zangu walikuwa ndio makutano.

Haukupita muda, kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tukasikia kwamba Zambia imefungua tena mipaka baada ya wakubwa wa nchi mbili kuzungumza. Mazungumzo hayo yangaliweza kufanyika kabla ya kufunga. Shaba ya Katanga inahitaji njia ya Zambia ili ifike baharini. Wafanya biashara wa Zambia wanahitaji wanunuzi wa Kongo. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumfungia mwenzake bila kujifungia mwenyewe.

Tena jambo hili si la Wakongo na Wazambia peke yao. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 tulisikia habari ya namna hiyohiyo. Malawi ilikuwa imezuia baadhi ya mazao ya Tanzania, na Afrika Kusini ilikuwa imezuia ndizi zake. Waziri wa Kilimo wa Tanzania, Hussein Bashe, akatangaza kwamba mazao ya nchi hizo mbili nayo hayataingia Tanzania. Malawi haina bahari, na bandari ya Dar es Salaam ni mojawapo ya milango yake. Baada ya siku chache katazo likaondolewa ili watu wazungumze. Hapo watu walikuwa na bahati. Wazee wa Afrika Mashariki wanakumbuka mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Kenya, Uganda na Tanzania ilipovunjika, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Mlango uliofungwa kwa hasira ya siku moja waweza kukaa hivyo hata mtoto akamaliza shule ya msingi.

Wala tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa maskini tu. Tarehe 1 Februari mwaka 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri za kuzitoza bidhaa za Kanada na Meksiko ushuru wa asilimia 25. Nchi hizo tatu zilikuwa na mapatano ya biashara, tena mapatano yaliyotiwa sahihi na Rais huyohuyo katika kipindi chake cha kwanza. Sababu zilizotajwa katika amri hizo zilikuwa wahamiaji na madawa ya kulevya. Siku mbili baadaye amri zikaahirishwa kwa mwezi mmoja. Tarehe 4 Machi zikaanza. Kanada ikajibu kwa ushuru wake. Na haikupita juma bidhaa nyingi zikasamehewa tena. Sasa jiulizeni: mwenye duka, mwenye kiwanda, mkulima, apange vipi kazi yake, ikiwa bei ya kesho inategemea mtu mmoja ameamkaje?

Walakini sitaki kuwadanganya, hasa ninyi wanafunzi, kwamba ushuru wote ni dhambi na kila mlango uachwe wazi usiku na mchana. Nilipomsimulia mwalimu mwenzangu, mtu mzima anayefundisha hesabu, habari ya vipande kumi vya sabuni, alicheka, kisha akaniuliza: “Na kiwanda cha nguo je?” Alikuwa akinena juu ya SOTEXKI, kiwanda cha nguo cha Kisangani, ambacho vitenge vyake viliwavika mama zetu na kazi yake iliwalisha watu wengi. Nguvu zake zilipungua sana: vita viliharibu, mitambo ilichakaa, na vitambaa vya bei rahisi kutoka ng'ambo pamoja na nguo za mitumba vikalijaza soko. Baba yake alifanya kazi humo. “Mama yako Mdogo alihesabu sabuni inayoingia,” akasema, “lakini hakuhesabu sabuni ambayo ingalitengenezwa hapa kwa mawese yetu.” Neno hilo ni la kweli, na nililipeleka kwa Mama Mdogo. Alikubali. Alisema kwamba sabuni ya Kisangani ikiwepo, ataiuza hiyo kwanza, kwa sababu haitalala Bafwasende.

Tena historia yetu wenyewe yatuonya. Mwaka 1885, huko Berlin, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kwamba katika bonde lote la mto Kongo biashara itakuwa huru kwa mataifa yote, na bidhaa ziingie bila ushuru. Mfalme Leopold II alijipatia nchi hii akitumia ahadi hiyo. Mwaka 1890, huko Bruksel, aliruhusiwa kutoza ushuru wa bidhaa zinazoingia, usiozidi asilimia 10, na sababu iliyotolewa ilikuwa kupambana na biashara ya watumwa. Na katika miaka hiyohiyo mali ya msitu, mpira na pembe, ikageuzwa kuwa ya Dola, na babu zetu wakashurutishwa kuileta. Hivyo tumepata kuona mlango ukiitwa huru, na watu wa nyumba wakiwa watumwa. Ndiyo maana Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake Populorum Progressio ya mwaka 1967, alifundisha kwamba uhuru wa biashara peke yake hautoshi pale ambapo wanaofanya biashara hawalingani nguvu. Biashara nayo iko chini ya haki, kama yalivyo matendo yote ya binadamu.

Basi nimejifunza kupambanua ushuru wa namna mbili. Wa kwanza ni ushuru wa sheria. Huo hutangazwa mapema, hujulikana kiasi chake, humpata kila mtu sawasawa, una risiti, na fedha yake huonekana katika barabara, shule na hospitali. Nao waweza kulinda kiwanda kichanga, kama mkulima anavyozungushia kitalu ua mpaka miche ikue. Nchi yetu iliingia kamili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Julai mwaka 2022. Katika Jumuiya hiyo bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama hupita kwa mkataba bila ushuru wa forodha, na za kutoka nje hupangiwa kwa pamoja: 0, 10, 25 au 35 kwa mia. Kutia sahihi mkataba ni jambo moja, na kuutimiza ni jambo jingine. Lakini mradi upo, majirani wana meza ya kuketi.

Wa pili ni ushuru wa hasira. Huo haukusudii kujenga kitu, unakusudia kuumiza. Hutangazwa leo, huondolewa kesho, hurudi kesho kutwa. Hautazami ni nani atakayelia, bali ni nani atakayeshangilia. Na kwa kuwa jirani naye ana hasira zake na wapiga makofi wake, hujibu kwa namna hiyohiyo. Ushuru huo wakubwa huuona kama rungu la kumpigia mkubwa mwenzao. Lakini mimi nimeuona mezani kwa Mama Mdogo, nao ulikuwa kipande cha sabuni kilichokatwa chembamba.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa Septemba, niliwaomba wanafunzi wangu wa darasa la mwisho kila mmoja alete kitu kimoja kutoka nyumbani, tupate kujua kimetoka wapi. Wakaleta kiberiti, daftari, kopo la nyanya, sahani, betri. Tukasoma maandishi yake, tukatia alama ubaoni. Kijana mmoja wa Kigenya alileta samaki aliyekaushwa, akasema kwa majivuno kwamba huyu amevuliwa kwenye maporomoko, kwa mtego wa miti na kamba za msitu, hana kitu cha kigeni hata kimoja. Wenzake wakampigia makofi. Msichana aliyeketi nyuma akauliza, “Na chumvi?” Darasa likacheka. Kisha msichana yuleyule akanyosha kidole tena: “Na chaki yako, Mwalimu?” Nikatazama sanduku la chaki. Ilikuwa imetoka mbali kuliko vyote.

Baada ya hapo ndipo tulipofanya majadiliano, wengine wakitetea kuongeza ushuru, wengine wakipinga, kila upande kwa adabu. Sikuwaambia nani ameshinda. Niliwapa sharti moja tu: kila atakayesema tufunge mlango, aseme pia ni nani aliye nje ya mlango huo, na ni nani aliye ndani ambaye atalala njaa, na kila atakayesema tuufungue, aseme ni nani atakayepoteza kazi, naye atasaidiwaje. Nawaambieni, hotuba zilikuwa fupi kuliko yangu ya chini ya mwembe, na zilikuwa bora.

Kwa hiyo, wapendwa wasomaji, nawaomba machache. Ninyi wazazi, mnaposikia redio ikitangaza vitisho vya nchi na nchi, msiwafundishe watoto wenu kushangilia upesi. Wafundisheni kuuliza nani atalipa. Ninyi vijana mtakaofanya kazi mpakani au katika duane, kumbukeni watoza ushuru waliomwendea Yohane Mbatizaji kando ya Yordani. Hakuwaambia waache kazi yao. Aliwaambia wasitoze kupita kiasi walichoamriwa. Neno hilo moja, likishikwa, lingekirudisha mezani kile kipande cha nane. Ninyi mnaotazamia kuwa wakubwa wa nchi, jifunzeni kuketi na jirani kabla ya kufunga, maana baada ya kufunga mtaketi naye vilevile, ila mtakuwa mmekwisha kuwaumiza watu. Na ninyi wenye majeraha ya vita, ndugu zangu wa Kisangani, tudai haki yetu yote mbele ya mahakama na mbele ya dunia, bila woga. Lakini tusiidai kutoka kikapuni kwa mwanamke anayevuka mpaka.

Dominika iliyofuata nilirudi chini ya mwembe, nikawaeleza wale wanaume habari ya vipande kumi. Wengine walikubali, wengine hawakukubali. Mmoja alisema nimelegezwa na wanawake. Makofi hayakuwapo. Mama Mdogo alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, akitoa shanga za Rozari mkobani. Hakugeuka kunitazama, lakini jioni nilipofika nyumbani kwake aliniita tena mwanangu.

Tumsifu Yesu Kristu.